Bwana Pingamizi Anavua Joho

Baada ya kuitumikia Ofisi ya Mawakili wa Serikali kwa miaka thelathini na miwili, mwenzetu tuliyemzoea kwa jina la Bwana Pingamizi anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho. Humu ofisini hata mkurugenzi hulisahau.

Aliingia akiwa kijana mwembamba mwenye suti moja ya kijivu na sauti ya mtu mnene. Akapewa chumba cha mwisho, karibu na ngazi, na dawati ambalo hakuna aliyelitaka: mashauri dhidi ya polisi. Wenzake walipata ardhi na kodi, mashauri yenye viyoyozi na biskuti. Yeye akapata watu wenye bandeji.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Raia wanaandamana kwa amani, askari wanawatwanga, raia wanashtaki, na Bwana Pingamizi anasimama mbele ya jaji kueleza kwamba hawakutwangwa, na kama walitwangwa, basi iliwafaa. Aliifanya vizuri, tena kwa madoido. Shauri la walimu waliomwagiwa maji ya kuwasha lilikufa kwa sababu hati ya kiapo haikuwa na tarehe. La wanafunzi waliorushiwa mabomu ya machozi wakiwa wamepiga magoti lilitupwa kwa kuwa walimshtaki "Mkuu wa Polisi" badala ya "Mkuu wa Jeshi la Polisi". Mchuuzi mmoja aliyevunjwa taya aliambiwa amechelewa kushtaki. Alichelewa kwa sababu taya lilikuwa limefungwa waya, hakuweza kumweleza wakili lolote. Jaji alisikitika, Bwana Pingamizi akainama kwa heshima, kamanda akampa mkono. Kwa miaka mingi raia wa mji huu walipigwa mara moja barabarani na mara ya pili mahakamani, na ile ya pili haikuacha alama ya kumwonyesha daktari.

Tusimlaumu kwa maelezo ya utetezi, maana mengi yalimfikia yakiwa yameshapikwa kambini. Yupo mama aliyedaiwa kuigonga ngao ya askari kwa paji la uso wake, kwa makusudi. Yupo babu wa mkongojo aliyeandikwa kuwa "mwenye silaha ndefu". Lipo bomu la machozi lililosemekana kupotea njia, likaingia kanisani kuulizia. Sisi wenzake tulisoma hayo wakati wa chai tukacheka hadi kufuta machozi, ya kwetu yakiwa hayana bomu.

Mkewe ni fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa akimpigia pasi ile kola nyeupe ya mahakamani. Bwana Pingamizi alikuwa na mazoea ya kufanya mazoezi ya hotuba zake sebuleni. Siku aliyofika kwenye mama na ngao, mkewe aliiweka pasi pembeni.

"Baba watoto," akamwambia, "haya huwa unayasema mbele za watu?"

Kesho yake alitusimulia huku akicheka. Kisha akatuuliza kama na sisi wake zetu huuliza maswali.

Ndipo likaja shauri la wauguzi. Hospitali kuu ilikuwa imeishiwa glavu, nao walikuwa wakiwahudumia wagonjwa mikono mitupu. Wakaenda kukaa chini nje ya lango wakati wa mapumziko yao, kimya, viganja juu. Hawakufunga barabara wala kurusha hata ganda la chungwa. Kikosi cha kutuliza ghasia kikafika kutuliza ghasia ambayo haikuwapo, na kwa kuwa haikuwapo, kikaileta. Mkunga mkuu, mwanamke wa makamo ambaye wauguzi wadogo humwita Mama Wodi, alivunjwa kifundo cha mkono wa kulia.

Safari hii wakili wa wauguzi hakulala. Tarehe zilikuwepo, majina yalikuwa kamili, muda ulikuwa haujapita. Bwana Pingamizi alipekua jalada lote akitafuta tundu, akalikosa. Ikabidi afanye jambo alilokuwa amelisahau: kusikiliza ushahidi.

"Shahidi," alimuuliza Mama Wodi kizimbani, "mlipoamriwa kutawanyika, kwa nini hamkuondoka?"

"Baba, hakuna aliyetuamuru. Tungeambiwa tungeinuka, mapumziko yetu yalikuwa yanaisha."

"Lakini mliwaona askari wakija."

"Tuliwaona. Tukadhani wanaleta mgonjwa."

Ukumbi mzima ulicheka, halafu kicheko kikajizima chenyewe. Mama Wodi akaeleza kwamba mkono ule haukunjiki tena, kwa hiyo hashiki tena watoto wanaozaliwa. Amewekwa dirisha la maulizo, anawaelekeza watu choo kilipo.

Jaji alipotoa mapumziko, Bwana Pingamizi alimvuta kamanda wa kikosi kile kwenye korido. Nilikuwa nyuma yao nimekumbatia majalada.

"Afande, ilani ya kutawanyika mlitoa?"

"Ilani ya nini, wakili? Si walikuwa wanatuona?"

"Kipaza sauti je?"

"Kipo kwenye gari la pili."

"Na gari la pili lilikuwa wapi?"

"Kambini." Kamanda akampigapiga begani. "We sema tulitoa. Hiyo ndiyo kazi yako, mzee."

Tuliporudi ndani, ilikuwa zamu yake kumwita kamanda atoe ushahidi. Alisimama, akaiweka sawa kola. Tuliomjua tulingoja pingamizi.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "upande wa serikali haupingi tena dai la wauguzi. Ilani haikutolewa. Nilichobaki nacho ni maelezo niliyopewa, na sitayasoma."

Kamanda alimtazama kama mtu aliyeibiwa gari akiwa ndani yake. Bwana Pingamizi aliketi.

Alasiri hiyohiyo mkurugenzi akamwita.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, bosi."

"Hujui sisi tunamtetea nani?"

"Tunaitetea serikali. Na wale wauguzi ni watumishi wa serikali."

Mkurugenzi wetu akishindwa kwa hoja hutoa uhamisho. Bwana Pingamizi akateremshwa ghorofa ya chini kushughulikia magari ya serikali yaliyogonga kuta, na huko ndiko alikomalizia utumishi wake. Cheo hakikupanda. Sherehe za mwisho wa mwaka kadi yake ya mwaliko ilipotea kila mwaka, kwa uaminifu wa kupendeza. Ofisi hiyohiyo leo imechapisha picha yake kwenye karatasi ya kung'aa, ikimwita "nguzo".

Wauguzi walilipwa fidia, na mahakama ikaamuru kwamba watu waliokaa kwa amani wasitawanywe bila ilani inayosikika na njia ya kutokea. Kamanda alipandishwa cheo, hilo halikuhitaji amri. Lakini chuo cha polisi kikahitaji mtu wa kuwafundisha kuruti ile hukumu, na aliyeielewa alikuwa mmoja tu. Siku ya kwanza aliwaambia: "Nimewatetea kaka zenu kwa miaka mingi na nilishinda karibu kila mara. Msinifanye nishinde tena."

Mama Wodi hakumsamehe. Mwaka jana Bwana Pingamizi alipokwenda kupima presha alimkuta palepale dirishani. "Nenda kulia, kisha kulia tena," akamwambia. "Kinyongo ninacho, baba, ila daktari yupo." Bwana Pingamizi anasema katika maisha yake yote ya kazi hajapata hukumu iliyo sawa kuliko hiyo.

Sasa anarudi mtaani kwake, ambako uwanja wa watoto umeuzwa ili ujengwe kituo cha mafuta. Ijumaa ijayo wakazi watakwenda kukaa chini pale katikati ya uwanja, mkewe ameshawashonea bango, na mzee wetu ameahidi mstari wa mbele. Nimeomba ruhusa siku hiyo. Mkurugenzi akauliza ya nini, nikamjibu nina kikao. Sikumdanganya, maana tutakaa.

Asante kwa yote, mzee wetu. Ustaafu wako uwe mrefu, wenye afya na kicheko, na Ijumaa niwekee nafasi pembeni yako.