Mbwa wa Jenerali Brehmke

Gerlinde alipanda tramu ya kwenda makaburini mjini Kassel, amevaa nguo nyeusi, akaketi nyuma ya wazee wawili waliokuwa wakibishana. Vita vya Hitler vilikwisha miaka mingi iliyopita, lakini hao bado walikuwa vitani.

"Jenerali Brehmke alikuwa mwanamume," alisema yule mnene. "Alitutoa Urusi tukiwa hai."

Gerlinde akatabasamu. Huyo alikuwa baba yake, naye alikuwa anakwenda kumzika.

"Alikutoa wewe, bwana," mwembamba akajibu. "Sisi alituambia tulinde daraja mpaka arudi. Jioni tukamwona anapanda ndege, kampakata mbwa wake."

"Acha uzushi! Amri ilitoka Berlin."

"Na ya mbwa nayo ilitoka Berlin?"

Gerlinde alimjua mbwa yule. Baba alikuja naye nyumbani kutoka Urusi majira ya baridi, naye Gerlinde na ndugu zake wakawashangilia wote wawili.

Tramu ikasimama. Wazee wakainuka, bado wanarushiana maneno. Mwembamba akageuka, akamwona Gerlinde hajasogea.

"Binti, makaburini ndipo hapa," akamwambia kwa upole. "Hushuki?"