Niliomba Wanipate na Virusi

Ndugu zangu, dada zangu, nawasalimu. Kwa wale ambao ni wageni leo katika kikundi chetu hapa Kosele, wacha niseme mapema ndiyo msishtuke: katika chumba hiki chote, mimi peke yangu sina virusi vya ukimwi. Chekeni tu, wenyeji wamezoea. Lakini ngojeni niwaambie nilivyofika kwa hiki kiti.

Nilikuwa nauza samaki mjini Rongo, samaki wa barafu. Asubuhi moja nikitoa mikono kwa barafu, vidole vikawa vyeupe kama chokaa, halafu vikageuka bluu, halafu vikawaka moto. Nikasema ni baridi tu. Lakini ikawa inarudi hata nikishika maji ya kawaida. Baadaye vikavimba, ngozi ikakazana mpaka nikashindwa kukunja ngumi. Uso nao ukawa laini, mikunjo ikaisha, mdomo ukawa mdogo. Wateja wakaniambia, "Mama, unarudi usichana!" Nami nikijaribu kucheka, ngozi inanivuta.

Kisha nikakonda. Hapa kwetu mtu akikonda, nyote mnajua kinachosemwa. Nikaenda kupimwa: hakuna virusi. Nikarudi: hakuna. Mshauri wa kliniki akawa ananijua. "Mama, ni wewe tena?" Nikifika nyumbani na majibu, mume wangu ananitazama tu, halafu anahamisha mto wake. Mama mkwe kule Ndhiwa akasema kama si ukimwi basi ni chira, ati nilivunja mwiko wakati wa matanga ya baba mkwe. Nikanyweshwa manyasi, ile dawa ya kuondoa chira. Nilikunywa kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana. Miezi ikaenda hivyo, na kifua kikaanza kubana. Beseni la samaki nililokuwa nabeba bila hata kufikiria, sasa naliweka chini kila hatua chache niheme.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipiga magoti nikamwomba Mungu anipe virusi. Ndiyo, mimi. Kwa sababu niliwaona nyinyi. Niliwaona mkichukua dawa zenu, mkinenepa, mkisomesha watoto, mkizeeka. Ugonjwa wenu una kliniki, una siku yake, una watu wake. Wangu haukuwa hata na jina. Siku mshauri aliponiambia tena kwamba sina, nililia pale mbele yake kama mtu aliyefiwa.

Dada mmoja, simtaji, yuko humu ndani, alikuwa kwa benchi akingoja dawa zake. Akaniuliza, "Nyamera, unalilia nini na wamekuambia huna?"

"Nalia kwa sababu sina."

Hakucheka. Akashika vidole vyangu, akakaa navyo. Akasema, "Basi hii ni kitu ingine. Twende Homa Bay, na usikubali kurudi mpaka waseme ni nini." Akaacha biashara yake, akaenda na mimi.

Daktari pale hospitalini alikuwa msichana tu. Hakuniuliza habari za mume. Aliniuliza, "Vidole vikishika baridi vinakuwa rangi gani?" Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Akanieleza kwamba mwili una kingamwili, ni kama askari wa kutulinda, na kwangu huenda wamegeuka, wanampiga mwenye nyumba. Akatoa damu ipelekwe Nairobi, ijulikane ni askari wa aina gani, maana wengine huenda pole pole, wengine hukimbilia figo, wengine mapafu.

Majibu yakarudi. Wangu ni wale wa mapafu: ni ugonjwa wa kukaza ngozi, na ndani hukausha mapafu. Nikapigwa picha ya kifua Kisumu, na kweli walikuwa wameshafika. Nikamuuliza, "Daktari, dawa itanirudishia mapafu yangu?"

Akasema, "Mama, sitakudanganya. Sehemu iliyokauka imekauka. Dawa ni ya kuzuia isiendelee. Kama ungepimwa hii damu wakati vidole vilianza..."

Hakumaliza. Mimi nimemmalizia maneno hayo mara nyingi, nikiwa peke yangu. Nina uchungu, siwafichi.

Nikatoka na dawa za kumeza kila siku, na sikujua mtu anaishi namna gani na kitu kama hicho. Yule dada akanileta hapa. Mmoja wenu akapinga: "Huyu si mwenzetu, anatafuta nini?" Mwenyekiti akamjibu, "Si anameza kila siku? Basi ni mwenzetu." Mkanifundisha kutegesha simu ilie saa ya dawa. Mkanifundisha la kumwambia mtu anayekuchungulia mkoba. Mkamwita mume wangu mkaongea naye. Bado hatujapatana vizuri, lakini sasa ananipashia moto maji ya kunawa.

Erokamano, asanteni sana. Na wewe mgeni, nikuachie hili: ukipimwa ukaambiwa huna, na mwili bado unaumwa, usiinuke kwa kiti cha kliniki. Uliza, "Ni kipimo gani bado?" Na ukiona mtu vidole vinabadilika rangi kwa baridi, usimtafutie mwiko aliovunja. Mpeleke hospitali mapema, mapema kuliko mimi.

Leo ni zamu yangu kuanzisha wimbo wa kufunga, lakini pumzi ndiyo hiyo, imeisha. Anzisheni nyinyi. Mimi nitapiga makofi. Vidole havikunjiki, lakini viganja bado vinakutana.