Dripu Kwanza, Kisu Baadaye

Haya, apa kwanza. Apa kuwa hili halitoki hapa. Umeapa? Basi sogea. Bi Thuwaiba naye aliapa jana, mbele ya shoga yake Salhiya, kuwa maradhi ya Machano, mume wa Salhiya, atakufa nayo moyoni. Leo asubuhi, kapu lake la vitumbua halijafika nusu, baraza nzima ya mtaa wa Mlandege ilishajua. Baraza yenyewe iko mlangoni kwa Ridhwan kinyozi, na ndani mteja mmoja alikuwa kalazwa kitini, taulo la moto limemfunika uso na kichwa.

— Usimwambie mtu, alisema Bi Thuwaiba, mara ya nne. Machano ana saratani kwenye kifuko cha nyongo. Inakatika, lakini hawamkati! Dripu ya dawa kwanza, miezi kadhaa, ndipo kisu. Anaanza leo, saa tatu.

— Sawa kabisa, alisema Borafya muuza pweza. Pweza usiyempiga unatafuna raba. Machano analainishwa.

— Weye unawaza tumbo tu, alidakia Sabri seremala. Ubao mbichi ukiupasua unapinda. Wanamkausha huyo!

Jamaa aitwaye Mkubwa, aliyewahi kufagia zahanati mwaka mmoja na tangu hapo akaitwa Dokta, aliweka kikombe cha kahawa chini.

— Uvimbe una masikio. Ukisikia kisu unakimbilia ini. Sasa wanaulewesha, unasinzia, wanauzoa.

— Na usiposinzia, Dokta? aliuliza Borafya.

— Wanauimbia.

Taulo likatikisika.

— Ridhwan, mteja wako ana homa? aliuliza Sabri.

— Anaota, alijibu Ridhwan, akikwepa macho.

Mara akatokea Salhiya, buibui limepinda, anahema.

— Machano kapita hapa? Kaniaga anakwenda hospitali, nimefika hayupo! Na nyie mnabishania nini?

— Kwa nini dripu kabla ya kisu, Sabri akaropoka.

— Nani kati yenu kamuuliza daktari?

Vikombe vikapanda midomoni, hata vilivyokwisha kahawa.

— Miye nimemuuliza, alisema Salhiya. Uvimbe upungue kwanza, waone kama dawa inauweza, ndipo wakate. Mume wangu alichosikia ni nywele kunyonyoka tu! Haya, nani kawaambia habari zetu?

Bi Thuwaiba akajishindilia kitumbua kizima. Chini ya taulo kikachomoza kidole chenye pete ya akiki, kikamwelekea yeye.

— Huyo! ilisema sauti chini ya taulo.

Pete ile Salhiya aliinunua mwenyewe. Akavuta taulo. Machano, nusu ya kichwa kipara, nusu nywele.

— Nilitaka nizitoe mwenyewe, alisema kwa sauti ndogo, kabla dripu haijazitoa.

Salhiya akamtazama, akamrudishia Ridhwan taulo.

— Ridhwan, malizia upesi. Saa tatu tunaingia sote. Na weye Thuwaiba, funika kapu: utakaa naye mpaka dripu iishe.

Bi Thuwaiba akafungua mdomo kuapa kuwa hajasema kitu. Kitumbua kikamdondoka, mbele ya baraza nzima.