Verediana Tluway na Joto la Kihenge cha Saba

Tarehe 30 Juni 1997 Ndugu Verediana Tluway atakabidhi funguo za chumba cha kompyuta na kuliaga Shamba la Ngano Gidabwangi, alilolitumikia kwa miaka ishirini na minne. Wengi wetu tulimkuta hapa. Wapo waliozaliwa katika nyumba za kambi yetu ambao leo wanaendesha kombaini, na hawajawahi kuliona shamba hili bila yeye.

Alikuja mwaka 1973 akitokea kwao Tlawi, binti aliyesomea ufundi wa umeme, akapewa ovaroli ya mwanamume ambayo miguu yake ilibidi aikunje mpaka magotini. Karakana ilidhani ameletwa kupika chai. Mwezi haukuisha, mizani ya malori iliyokuwa imelala tangu masika ikawa inapima, na chai tukawa tunampikia sisi. Redio za upepo za mashamba ya mbali, taa za kombaini, jenereta ya hospitali ndogo ya kambi, vyote vimepita mikononi mwake. Kwaya ya Nangwa nayo inamjua, ingawa mumewe, Mwalimu Hermani, husema Mungu humsikiliza kwa uvumilivu mkubwa.

Kazi iliyompa jina ni ya vihenge vya chuma. Vilipojengwa vilikuja na kompyuta kubwa kama kabati la nguo, iliyokuwa ikisoma joto la ngano ndani ya kila kihenge. Ngano yenye unyevu hupata joto, na isipopigwa upepo wa feni mapema huoza. Mwaka 1988 kabati lile lilikufa, na vipuri vyake vilikuwa havitengenezwi tena popote. Verediana alichukua kompyuta mpya ya mezani, akaiandikia programu ya kuigiza ile ya zamani kila kitu: kumbukumbu yake, vifaa vyake, hata kile kifaa kilichokuwa kikipokea vipimo vya joto kutoka kwenye waya. Programu ya zamani ikaendelea kufanya kazi ndani ya mashine mpya bila kujua kwamba imehamishwa nyumba. Wageni walikuja kutoka mbali kuitazama. Yeye aliifunika kitenge kwa sababu ya vumbi, na akiwa peke yake aliisemesha Kiiraqw.

Nilipoombwa kuandika wasifu huu, nilitaka kuishia hapo, niongeze shukrani na nimalize. Nilimpelekea nilichoandika. Alikisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Bashiri, Gidahosh yuko wapi humu?"

Nikamwambia kwamba hii ni sherehe.

"Ndiyo maana. Andika na habari ya Gidahosh. Usipoiandika, karatasi hiyo msinisomee."

Basi naiandika.

Gidahosh alikuwa mwangalizi wa vihenge. Baba yake alichungia ng'ombe kwenye nyanda hizi kabla matrekta hayajafika, na malisho yalipokwisha, yeye akaomba kazi kwa hao hao waliolima. Kazi yake ilikuwa kutazama kioo cha kompyuta asubuhi na jioni, kutoa taarifa ya joto, na kuwasha feni likipanda. Hakuchelewa kazini. Hakuzungumza sana. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, na baadhi yetu tulipenda kumwigiza.

Mwaka 1990 shamba liliongeza kihenge cha saba. Mavuno yaliyofuata kilijazwa ngano iliyoshikwa na mvua ya mwisho. Kila siku Gidahosh alitoa taarifa: cha saba, nyuzi ishirini. Ishirini ni joto zuri, na habari nzuri haina mtu wa kuihoji. Siku kilipofunguliwa tulisikia harufu kabla ya kuona chochote. Ngano ilikuwa imeungua yenyewe kwa ndani, nyeusi, imeshikana mabonge.

Kikaitishwa kikao cha wafanyakazi wote bwaloni. Gidahosh alisimama mbele, kofia mkononi.

"Mimi nilisema kile nilichokiona," alisema. "Kioo kilisema ishirini."

Mtu mmoja nyuma akayarudia maneno yale kwa lafudhi yake. Watu wakacheka. Meneja akamgeukia Verediana, kwa kuwa mashine ilikuwa yake.

Verediana hakuwa na chuki na Gidahosh, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi. Alikuwa amekwenda kutazama kioo kihenge kikiwa kimeshamwagwa na kupoa, akakuta ishirini, akaridhika. Alikuwa na hakika na kazi yake. Akasimama, akasema:

"Hakuna ngano inayokaa ishirini kila siku. Hukutazama, ukawa unabuni. Mashine haina sababu ya kusema uongo."

Gidahosh alimtazama, akavaa kofia yake, akatoka. Wiki hiyo hiyo alifukuzwa kazi. Mkewe alipakia vyombo kwenye punda mbele ya nyumba ya kambi, na sisi tulipita tukielekea karakana kama watu wasioona.

Mwaka 1992, kabla ya mavuno, tuliteremsha waya za vipimo ili zisafishwe. Waya ya kihenge cha saba ilikuwa mezani kwetu, imeunganishwa bado kwenye mashine, na mimi nilikuwa ninaifuta vumbi. Verediana alikuwa anakunywa chai. Kwa mzaha tu aliitumbukiza ncha ya waya kwenye kikombe, tuone kioo kinavyopanda.

Kioo kikasema ishirini.

Akaitoa, akaitumbukiza tena. Ishirini. Akajaribu waya ya kihenge cha sita, na joto likapanda mara moja. Akarudia ya saba, safari hii akiishika kikombeni huku mvuke unamuunguza vidole. Kioo kikabaki vile vile.

"Ichomoe kabisa," aliniambia. Nikaichomoa waya kwenye mashine. Kihenge cha saba, ambacho sasa hakikuwa na waya wala ngano, kilikuwa na nyuzi ishirini.

Alikaa chini. Nilidhani anaumwa. Baadaye kidogo akasema, si kwangu, "Alikuwa anatazama."

Kosa alilipata baada ya kuisoma programu yake yote upya. Kumbukumbu ya kompyuta ya zamani ilikuwa imegawanywa kurasa kurasa. Anwani ambayo programu inaitaja si mahali penyewe. Ni lazima kwanza itafsiriwe, ijulikane ukurasa huo umewekwa wapi hasa, kwa maana kurasa mbili zinazofuatana kwa namba zinaweza kuwa zimekaa mbali mbali. Kifaa cha joto alichokiigiza kilitafsiri anwani ya mwanzo tu, halafu kikaandika vipimo vyote mfululizo, kikidhani ukurasa unaofuata uko jirani. Vipimo vya vihenge sita vilienea kwenye ukurasa mmoja. Cha saba kilivuka mpaka. Joto lake halisi lilikuwa likiandikwa mahali ambapo hakuna anayesoma, na pale panaposomwa palibaki namba ya kuanzia ambayo programu hukipa kila kihenge kipya: ishirini.

Aliirekebisha ili kila ukurasa utafsiriwe upya kabla ya kuandika chochote ndani yake. Marekebisho ya kwanza yaliharibu vipimo vya kihenge cha kwanza, akayafuta na kuanza tena. Aliongeza pia kitu ambacho kompyuta ya zamani haikuwa nacho: kipimo kipya kisipofika, kioo huonyesha pengo badala ya namba. Kisha akajaribu kwa chai, kihenge kwa kihenge, na cha saba kikapanda.

Alikwenda kwa meneja wa wakati ule. Meneja alisikiliza, akasema, "Hilo limekwisha, Verediana. Umesharekebisha mashine yako. Tuendelee na mavuno."

"Mashine ndiyo niliyorekebisha," alijibu. "Mtu bado."

Alidai kikao, bwaloni pale pale, watu wale wale. Alikipata kwa kukataa kuwasha mashine mpaka kiitishwe. Alieleza kosa tangu mwanzo, taratibu, hata wapishi wakaelewa. Mwishoni alisema:

"Nilisema hakuna ngano inayokaa ishirini kila siku. Ilikuwa kweli. Ningeuliza kwa nini, ningejikuta mimi ndiye mkosaji. Sikuuliza, kwa sababu aliyesimama mbele yangu alikuwa Gidahosh."

Hakuna aliyecheka. Aliyeiga lafudhi siku ile alikuwa ameketi safu ya pili, ameinamisha kichwa mpaka tukaona kisogo chake. Aibu ya siku hiyo haikuwa ya Verediana peke yake.

Kesho yake mimi na Verediana tulikwenda kwa mguu mpaka bomani kwa Gidahosh. Alikuwa anakarabati uzio wa miiba.

"Shikamoo," alisema Verediana.

Gidahosh alimaliza kulaza tawi alilokuwa ameshika. "Marahaba."

Verediana alieleza kosa, na kwamba meneja amekubali arudishwe kazini. Alipofika mwisho alisema, "Nilikosea mimi. Nakuomba radhi."

"Haya maneno umeyasema kwangu tu?"

"Niliyasema jana, mbele ya wote."

"Wale waliocheka walikuwepo?"

"Walikuwepo."

Gidahosh aliokota tawi jingine, akalilaza juu ya uzio. "Nitarudi kazini," alisema. "Nina watoto shuleni. Si kwa ajili yako."

Alirudi, akapewa kiti chake pale pale mbele ya kioo, akafanya kazi mpaka alipostaafu mwaka jana. Kila asubuhi Verediana alimwamkia, na kila asubuhi aliitikia. Chai hawakuwahi kunywa pamoja. Verediana alimkaribisha mara nyingi. Siku moja akaacha kumkaribisha, akaendelea kumwamkia tu. Siku ya kumuaga, mzee huyo alipeana mkono na Verediana kama alivyopeana na sisi wote, wala si zaidi. Nimemuuliza Verediana kama anadhani alisamehewa. Alisema hilo si swali lake kujibu.

Kwa mafundi wetu vijana ameacha kanuni moja: mtu akikuambia mashine yako inasema jambo la ajabu, nenda ukakae kwenye kiti chake kwanza. Wameizoea kiasi kwamba wanadhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Si kweli. Ilitugharimu mtu.

Ndugu Verediana, shamba linakushukuru kwa ngano yote uliyoiokoa, na sisi wenzako tunakushukuru kwa kusimama mara ya pili katika bwalo lile, jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya. Rudi Tlawi kwa amani, wewe na Mwalimu. Ulime, uimbe, usahau kelele za jenereta. Tunakutakia afya, na asubuhi nyingi ambazo salamu yako itaitikiwa kwa furaha.

Bashiri Abdulrahmani
Karakana ya Umeme