Umande Ndani ya Taa za Miraji

Ukishuka kutoka sokoni kuelekea Utemini, pale wanapooshea magari, kuna benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa duka la spea la Rahimu. Hapo ndipo Dorkas anapouza kahawa na kashata kila alasiri, na upepo wa Singida mwezi wa Juni haumwonei huruma mtu. Magari pale yanapangwa kwa kubanana, kwa hiyo kijiwe kina desturi yake: dereva akikaa kunywa kahawa, ufunguo anautundika kwenye msumari wa ubao wa Dorkas, ili gari likiziba njia wengine walisogeze bila kumsumbua. Siku hiyo Dorkas alikuwa anamimina kahawa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevimba kifundo chote, ameuzungushia kipande cha khanga kuukuu, na chini miguuni pake palikuwa na ndoo ya bluu iliyopasuka mdomo, ambamo alikuwa anasuuzia vikombe.

Ndoo hiyo asubuhi ilikuwa nzima. Alfajiri, giza halijaachia, Dorkas alikuwa anamsindikiza binti yake Ritha hadi barabara kuu, aungane na wenzake waende shule, kisha yeye apitie bombani. Likatokea gari. Taa zake zilikuwa njano, zimefifia kama vibatari vilivyofunikwa nailoni, na lilikuwa linakuja upande wao wa watembea kwa miguu. Dorkas alimsukuma Ritha mtaroni. Kioo cha pembeni kikapiga mkono, ndoo ikaruka, gari likayumba, likarudi barabarani na kwenda zake. Halikusimama. Lilivyopita alikiona kibandiko cha jogoo mwekundu kwenye kioo cha nyuma, na jogoo huyo anamjua. Gari ni la Miraji, ambaye kijiweni wanamwita Gia Tano, na ambaye hajawahi kupitisha siku bila kahawa ya Dorkas.

Kutwa nzima Dorkas alikuwa anamsubiri. Alijiambia hivi: akija, akauliza tu kama kuna mtu aliumia, nitamwambia, tutayamaliza. Hasira aliikalia kama anavyokalia kigoda chake.

Miraji akaja, akaegesha, akatundika ufunguo kwenye msumari na kukaa katikati ya benchi.

— Kijiwe, salama? Mama Ritha, nipe ya moto. Leo nimeponea chupuchupu, wanangu.

— Chupuchupu ya nini tena? akauliza Bonaventura. Huyu wanamwita Taarifa, kwa sababu redio ndogo haimtoki sikioni na hakuna jambo asilokuwa na habari zake.

— Taa, bwana! Zile taa zangu. Alfajiri nawahi abiria, baridi imepiga, natazama mbele sioni kitu. Ukungu mtupu, na haupo nje, uko ndani ya taa! Nikashtukia nipo pembeni ya barabara. Nikasikia puu! Debe la watu.

— Debe?

— Debe. Au ndoo. Watu wa huku nao, wanaacha vyombo barabarani kama hawana nyumba.

Wakacheka. Dorkas akakijaza kikombe cha Miraji mpaka kikafurika.

— Ah! Mama Ritha, unaniunguza!

— Samahani.

— Leo unamwaga sana, akasema Taarifa bila kugeuza shingo. Mawazo yako mbali.

Dorkas akarudi kusuuza vikombe. Debe! Mtoto wake alikwenda shule na sketi imelowa maji ya mtaroni, analia njia nzima, na huyu mtu kakaa hapa anapuliza kahawa anasema debe.

— Sasa tuzungumze kisayansi, akasema Rahimu. Huyu ni mwenye duka la spea, jina lake la kijiweni ni Silikoni, maana hakuna kitu kilichovunjika asichokiziba kwa gundi. — Taa yako mimi mwenyewe nimeiziba. Kioo chote nimezungushia gundi. Hata yale matundu madogo ya nyuma nimeyaziba, hapiti sisimizi.

— Sasa maji yameingilia wapi? akauliza Miraji.

— Hayajaingia. Yalikuwemo.

— Na kwa nini hayatoki?

— Yatatokaje wakati nimeziba? Umenielewa lakini?

— Nimekuelewa, ila mimi tangu mwanzo nilisema toboeni chini, Taarifa akadakia. Tulitoboa, maji yakachuruzika, mkaniona. Ni nyinyi mlioliosha gari kwa mpira wa presha siku ile ile, maji yakapandia tundu langu.

— Ndiyo nikaliziba tundu lako.

— Nani alikutuma?

— Tundu kwenye taa, Taarifa? Wewe taa ulishaiona ina tundu?

— Si umesema zilikuwa na matundu nyuma?

Silikoni akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja.

— Mama Ritha, ongeza.

Dorkas akaongeza. Kifundo kilikuwa kinadunda, birika la kahawa ni zito, na kila alipoinama kushoto mgongo ulimuuma. Wanaume watatu walinyoosha vikombe mbele ya mkono wenye kitambaa, na macho yao yote yalikuwa kwenye gari.

Fundi umeme wa magari yupo mtaa wa nyuma, mtu anakwenda na kurudi kikombe hakijapoa. Ila pale kijiweni gari likishaanza kutibiwa na benchi, kulipeleka kwa fundi ni kama kumtukana kila aliyekaa. Aliyewahi kufanya hivyo, kwa tatizo la honi tu, alitaniwa mpaka akahamia kijiwe cha stendi. Kwa hiyo tangu baridi ianze, taa za Miraji zilikuwa zimewekwa mchele kwenye soksi, zikasuguliwa dawa ya meno, zikatobolewa, zikazibwa, zikaachwa zinawaka mchana kutwa ili maji yachemke, betri ikafa, na gari likasukumwa na kijiwe kizima huku wanaimba.

— Mchele ulikuwa wazo la kitoto, akasema Taarifa. Ilitakiwa chumvi. Tena siyo ya dukani. Ile ya ziwani pale, yenye hasira. Ile inanyonya maji mpaka kwenye jiwe.

— Itakula taa, akasema Silikoni.

— Ikila taa, maji yatakaa wapi? Si tatizo limekwisha?

— Sikilizeni, akasema Miraji, mimi nimegundua kitu. Haya maji siyo ya huku. Hili gari limekuja na meli. Limekaa baharini kule kwao, likavuta mvuke. Jua letu linakausha maji ya huku tu, ya kule halina mkataba nayo.

— Kweli kabisa! Silikoni akapiga paja. — Onja uone, lazima yana chumvi.

— Sasa kama yana chumvi, Taarifa ataweka chumvi juu ya chumvi?

— Nyinyi hamjui kitu, akasema Taarifa, akaitoa redio sikioni kabisa, jambo lisilotokea mara nyingi. — Hili gari lilikuwa la bibi kizee huko kwao. Magari ya namna hii yanaletwa mwenyewe akifa. Mnaona linavyotoa machozi alfajiri tu? Ndiyo saa aliyokuwa anatoka nalo. Linamlilia.

Hata Miraji aliligeukia gari lake kwa heshima.

— Aisee, akasema taratibu. — Ndiyo maana naonaga jicho la kulia limezidi.

Dorkas akacheka, lakini cheko lenyewe halikuwa zuri. Gari wamelionea huruma. Wamelitafutia bibi wa kumlilia. Mtu liliyemgonga hawajamtafutia hata jina.

— Miraji, akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaingilia siku hiyo. — Kesho unatoka tena alfajiri?

— Kama kawaida, Mama Ritha. Mkate haniletei mtu kitandani.

— Na taa hizo hizo?

— Sasa nitatoa macho yangu nifunge pale? Wakacheka tena. — Nitakwenda polepole. Barabara ile naijua hata nikifumba macho.

— Na watoto wa shule?

— Watoto wana macho mazuri kuliko mimi, wataniona. Si ndiyo, Silikoni?

— Kesho nitakuwekea gundi mpya kabla hujatoka, Silikoni akasema. Halafu akasogea karibu na gari, akalizunguka, akainama kwenye kioo cha pembeni. — Oya, Gia Tano. Hii rangi ya bluu umeipaka wapi hapa?

— Si ndilo lile debe! Limenichubulia kioo, na mwenyewe simjui nimdai wapi.

Damu ikampanda Dorkas kichwani. Nimdai wapi! Ndoo ya bluu ilikuwa hatua moja kutoka kwenye kiatu cha Miraji. Kikombe alichoshika kilikuwa kimesuuzwa humo. Akakusudia kusema, akaumeza ulimi. Hapana. Aone mwenyewe. Mtu mwenye macho yake mawili, mchana kweupe, asione?

Ndipo akafika mama mmoja mtu mzima, amejitanda khanga mbili kwa ajili ya upepo, kapu mkononi. Alikuwa Bi Sikudhani, mfanyabiashara wa vitunguu, si mtu wa kijiwe kile. Wanaume wote watatu wakanyanyuka nusu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo?

— Hatujambo, karibu ukae.

— Nakaa kidogo tu. Nimeelekezwa kwa Miraji. Natafuta gari la kunifikisha Manyoni kesho, nitoke kabla hakujakucha.

— Miraji ni mimi, mama! Umefika. Gari lile pale, jeupe.

— Gari halijambo, akasema Taarifa, linasumbua taa kidogo tu, tunaendelea na uchunguzi.

Bi Sikudhani hakumsikiliza. Alikuwa anapokea kikombe, na macho yake yalikuwa yametua kwenye mkono uliompa, kisha kwenye mkono mwingine uliolala mapajani. Akakiweka kikombe benchini kabla hajakionja. Akawageukia wanaume.

— Huyu mwenzenu mkono wake umefanya nini?

Miraji akamtazama Taarifa. Taarifa, mwenye habari za dunia nzima, akamtazama Silikoni. Silikoni akatazama chini, na chini palikuwa na ndoo.

Silikoni alikuwa wa kwanza kuelewa. Dorkas aliona macho yake yakitoka kwenye ndoo, yakaenda kwenye kioo cha gari, yakarudi kwenye ndoo.

— Hamjui? akauliza Bi Sikudhani. — Si mmekaa naye hapa?

Redio ya Taarifa ilikuwa inasema peke yake kwenye goti lake. Akaizima.

Dorkas akasimama. Akamwaga maji ya kusuuzia, akaiinua ndoo kwa mkono mzima, akaiweka juu ya benchi pembeni ya Miraji, upande uliopasuka ukimtazama.

— Debe lako hili, Miraji.

— Mama Ritha...

— Eti nililiacha barabarani. Lilikuwa mkononi mwangu. Na Ritha alikuwa mkono wa pili.

Kikombe cha Miraji kikainama. Kahawa ikamtiririka kidoleni, wala hakuuondoa mkono.

— Wallahi sikuona, akasema mwishowe.

— Najua hukuona. Alfajiri ulikuwa na ukungu kwenye taa. Sasa hivi ulikuwa na nini? Nimekumiminia vikombe vingapi nikiwa na mkono huu? Dorkas akauinua ule wenye kitambaa. — Kutwa nakusubiri uniulize. Uniulize tu. Umekaa kumhurumia bibi wa gari!

— Nisamehe, dada yangu. Haki ya Mungu.

— Mimi taa nitaiziba upya leo leo... Silikoni akaanza.

— Ziba mdomo wako! Dorkas akamkata. — Huo ndio hukuuziba.

Akageuka kwenye ubao wake, akautoa ufunguo wa Miraji kwenye msumari, akaufunga kwenye pindo la khanga. Kwa mkono mmoja fundo lilikuwa linamponyoka. Bi Sikudhani akanyanyuka na kumsaidia kulikaza.

— Mama Ritha, nina abiria alfajiri.

— Na mimi nina mtoto alfajiri.

— Mimi nimeghairi, akasema Bi Sikudhani, akachukua kapu lake. — Vitunguu havina haraka ya kufa.

Miraji akabaki ameinamia ndoo. Akalipitisha dole gumba kwenye ufa, taratibu, mpaka mwisho wake.

— Sasa nifanyeje? akauliza, na safari hii alikuwa anamwuliza yeye, siyo benchi.

— Gari lisukumeni kwa fundi, si mnajua kulisukuma mkiimba. Na wewe kesho alfajiri uje kwangu kwa miguu. Tutamsindikiza Ritha mimi na wewe, wewe ukae upande wa barabara. Uzione taa za wenzako zinavyokuja. Tukimfikisha salama, jua likitoka, ufunguo huu hapa.

Hakuna aliyebisha. Taarifa akanyoosha kikombe chake polepole, kwa mazoea tu.

— Kahawa imeisha, akasema Dorkas, akalifunika birika. Lilikuwa bado zito, na kila mtu alisikia kahawa ilivyocheza ndani alipoliondoa kwenye jiko la mkaa kwa mkono wa kushoto.