Mwanamke Asiyekuwa na Sura ya Afya

Ijumaa tarehe 31 Mei 2019, baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne, Tuulikki Ojanperä anastaafu kazi katika bwawa la kuogelea la manispaa yetu ya Koivulampi. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike kwa furaha na kwa ufupi. Ufupi nitajaribu. Furaha itabidi isubiri kidogo, maana kuna watu ninaotaka kuwasema kwanza, na mmoja wao ni mimi.

Tuulikki aliajiriwa Februari 1983 kusugua vigae. Mwaka wa pili alimtoa majini mvulana aliyekuwa akizama huku mwokoaji wa zamu akichana nywele ofisini. Meneja wa wakati ule akaona ni busara wabadilishane kazi. Tangu hapo amefundisha kuogelea watoto wanaokaribia elfu nne, na mji huu una madaktari, mafundi bomba na mchungaji mmoja ambao bado hunyoosha mgongo wakisikia filimbi yake.

Ni mfupi, mpana, ana kilo tisini na nne na mishipa ya miguuni iliyovimba kama kamba. Kila asubuhi kabla milango haijafunguliwa huogelea mita elfu moja na mia tano bila kusimama, kisha hunywa kahawa na maandazi ya mdalasini. Zamani yalikuwa matatu. Nesi alipomwambia sukari imeanza kupanda, akaacha mawili siku ileile na sukari ikashuka. Hakutangaza, hakupiga picha, hakuanzisha kikundi. Na asidhani mtu kwamba anausifu unene. Aliwahi kumwambia mteja aliyejaribu kumpamba kwa maneno hayo, "Mafuta ni mafuta tu, mama. Mimi napimwa kila vuli. Wewe ulipimwa lini?"

Mwaka 2009 manispaa ilitujengea chumba cha mazoezi ghorofani, chenye vioo kuta tatu. Tuulikki alikiita chumba cha wachumba, kwa sababu kila aliyeingia alikuwa amejipenda mwenyewe. Mwalimu wa chumba hicho nilikuwa mimi. Nilikuwa na kifua kama mlango wa ghala na tumbo lenye vipande sita, na wateja waliniuliza ninakula nini, nao wakaamini majibu yangu. Ngazi za kupanda huko ni kumi na nne. Nakumbuka idadi kwa sababu ulifika wakati nilikuwa nikizihesabu kwa mdomo.

Masika ya 2012, Henrik Sundell, afisa ustawi wa manispaa, alikuja na kampeni ya bango kubwa la kuhamasisha wananchi. Waogeleaji wazee walikuwa wamekusanya sahihi mia moja na kumi wakiomba picha iwe ya Tuulikki. Sundell, mtu mwenye suti ya kumbana na meno meupe kupita kiasi, alisimama mezani pa tiketi akazisoma, akacheka.

"Anaogelea vizuri, sawa, lakini jamani," alisema, "hana sura ya afya."

Tuulikki alikuwa hatua tatu nyuma yake, akikunja taulo.

"Sura ninayo hii moja tu, Henrik," alisema. "Ya afya muulize nesi."

Nikachaguliwa mimi. Kwa wiki tano nilikula kifua cha kuku na brokoli, asubuhi, mchana na jioni. Siku mbili za mwisho sikunywa maji, na rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa kila kitu asichosomea, akanipa vidonge vya kukojosha ili ngozi ishikamane na misuli. Usingizi ulinikimbia. Moyo ulikuwa unarukaruka kama samaki kwenye ndoo. Kwenye kioo nilikuwa mzuri ajabu.

Siku ya picha Tuulikki alinikuta nimeshikilia reli ya ngazi.

"Jarkko, midomo imekuwa ya kijivu. Umekunywa maji lini?"

"Niko sawa."

"Hauko sawa. Leo usiingie majini, mwanangu. Nakuomba."

Wateja walikuwa wanapita. Nikapandisha sauti ili wasikie: "Na wewe ndiye wa kunishauri mambo ya mwili? Umejitazama?"

Walicheka wawili au watatu. Tuulikki alishuka akakaa kwenye kiti chake cha uokoaji, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha.

Mpiga picha alinipiga nikiwa nimesimama ukingoni, upande wa kina kirefu, mikono kiunoni. Sundell akapiga makofi. Kisha wakataka picha nyingine nikiruka. Niliruka vizuri, wanasema. Sikurudi juu. Sundell alidhani najionyesha kwa kukaa chini muda mrefu, akasema, "Tazameni mapafu hayo!" Tuulikki alikuwa ameshajitupa na viatu vyake. Alinitoa kutoka kina cha karibu mita nne, mwili wote ule wa maonyesho ukiwa mzito na usio na kazi, akanipulizia pumzi hadi nikatapika maji kwenye vigae alivyokuwa akivisugua mwaka 1983.

Hospitali walisema chumvi za mwilini zilikuwa zimeisha na moyo ulikuwa umepoteza mwendo wake. Daktari aliniuliza kama ninaumwa saratani, kwa jinsi damu yangu ilivyosomeka. Tuulikki alikuja siku ya pili na supu ya samoni ndani ya chupa ya chai na mkate mweusi. Hakunisuta. Alisema, "Kula," akakaa akifuma soksi mpaka nikamaliza.

Bango lilichapishwa hivyohivyo. Ndiyo, ile picha ya kwanza, iliyopigwa dakika chache kabla sijazama, ikatundikwa mlangoni miaka miwili ikiwa na maandishi makubwa: HIVI NDIVYO AFYA INAVYOONEKANA. Nilimwandikia Sundell barua mbili kumsihi aliondoe. Alijibu kwamba takwimu za kampeni zilikuwa nzuri.

Niliporuhusiwa kufanya mazoezi, nilimwomba Tuulikki anifundishe. Mita mia moja tu, na misuli ile yote, nikang'ang'ania ukuta nikitweta. Mama Aune, mmoja wa waogeleaji wazee, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuja nyuma yangu akiogelea polepole.

"Pisha, kijana," alisema. "Sanamu zinawekwa bustanini."

Ilinichukua miezi minane kufikia elfu moja na mia tano. Sasa nina kitambi kidogo, nalala usiku kucha, na hakuna anayeniuliza ninakula nini.

Manispaa imemwandalia Tuulikki zawadi ya kustaafu: kikuku cha kuhesabu hatua, na kadi yenye sahihi ya Sundell inayomtakia aanze sasa maisha yenye afya. Sijaongeza neno.

Tuulikki, miaka saba nimeogelea kwenye mstari wa jirani yako, na neno moja nililopaswa kulisema sijalisema. Nilikutukana hadharani, basi na hili liwe hadharani, mbele ya wafanyakazi wenzetu wote: nilikosea, na ninakuomba radhi. Asante kwa kubaki kwenye kiti kile baada ya nilivyokutendea.

Wenzako wote tunakushukuru. Nenda Kuhmo kwa dada yako, pasua kuni, oga ziwani hata likianza kuganda, na uishi muda mrefu kwa namna unayojua wewe.

Jarkko Viitala, mwalimu wa mazoezi