Sahihi ya Bwana Pruski

Ilikuwa mwaka 2010, majani yakipukutika, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za pensheni za wafanyakazi, ambazo mwaka huo zilianza kupokelewa kwa mtandao tu. Ndani ya basi la Milwaukee, kwenye kiti cha mbele yangu, mwenye kiwanda cha soseji alimfokea karani wake.

"Verna, siku hizi wino ni dhambi?"

"Serikali inataka namba yako ya siri badala ya sahihi ya wino, Bwana Pruski. Iko wapi?"

"Imepotea."

"Mara ya tatu! Basi saini karatasi hii, nitume kwa namba yangu. Picha yake itaonekana mtandaoni."

"Dunia nzima ione mwandiko wangu?"

"Au tupigwe faini, mzee. Chagua!"

Bwana Pruski aliazima kalamu ya Verna, akaandika jina lake polepole, herufi baada ya herufi; mwandiko, nakiri, ulikuwa mzuri. Basi liliposimama, alimrudishia Verna kalamu pamoja na karatasi iliyosainiwa.

"Sijakubali," alisema.